Nilimwambia Dada Atembee

Dada yangu hasemi uongo, na anajua kukimbia. Naanza na hayo mawili kwa sababu kuna watu wanaoamini vinginevyo, na aliyewafanya waamini hivyo ni mimi.

Ana miaka thelathini na mitatu. Tumepishana miaka tisa na katikati yetu hakuna mtoto mwingine. Ana ulemavu wa akili. Daktari alimwambia mama hivyo dada akiwa na miaka mitatu na hajatamka neno, na mama akarudi nyumbani akaendelea kumbeba mgongoni kana kwamba hajasikia. Maneno yalikuja baadaye, katika sentensi fupi fupi. Hajui kusoma saa. Anasonga ugali usio na madonge, na ndiye aliyenibeba mimi mpaka nilipoanza shule. Hadi leo nikikaa kula ananiambia, "Nawa mikono kwanza," na mimi, mwenye shahada ya takwimu, nainuka nakwenda kunawa.

Nilimaliza chuo Dodoma nikarudi Tabora kusubiri kazi. Kwa mtu wa aina yangu kusubiri ni ugonjwa. Barua moja ya maombi niliiandika kwa siku nne. Picha ya pasipoti nilipiga mara tatu, kwa sababu ya kwanza nilionekana nina kiburi, ya pili nilionekana nina njaa, na ya tatu nilitabasamu nikahofia wataniona sina umakini. Mama alinivumilia mwezi mzima, kisha akasema, "Badala ya kukaa unasemezana na ukuta, mpeleke dada yako mazoezini Jumamosi. Mimi magoti yamenishinda."

Mazoezi yalikuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi, kando ya barabara ya vumbi inayokwenda Kwihara, njia ambayo wapagazi wa zamani waliipita na mizigo yao kwenda pwani. Msimamizi alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mwembamba mwenye kofia pana ya majani na kaunta buku lisilotoka kwapani. Nilipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba, akanitazama, akanipa saa ya kupimia muda. "Wewe ni msomi. Bonyeza hapa wakianza, bonyeza hapa wakimaliza. Usifikirie katikati."

Hakujua anamwomba nani.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi kwenye lango la shule alikuwa amenijua tangu utoto. "Haa! Ndiyo digrii hiyo? Miaka mitatu Dodoma kujifunza kubonyeza?" Nikacheka ili aone sijaumia. Dada alimjibu kwa niaba yangu: "Anabonyeza vizuri."

Jumamosi zile Mwalimu alikuwa akichora mistari ya njia kwa majivu, nami nikimshikia kamba, na hapo ndipo aliponisimulia mambo yalivyoanza. Alipangiwa darasa maalumu la shule hiyo akiwa ametoka tu chuo cha ualimu. Darasa lenyewe lilikuwa stoo ya majembe nyuma ya jiko. Siku za michezo shule nzima ilikwenda uwanjani, na watoto wake walipewa kazi moja: kukaa kivulini kulinda masweta na viatu vya wenzao.

"Walilinda vizuri mno," aliniambia. "Haikupotea hata soksi. Ndiyo maana nilikasirika."

Akaanza kuwakimbiza baada ya masomo, wenzao wakisharudi makwao. Wazazi wengine walikuja kumwomba awaache wasianguke wakazidi kuharibika. Mama mmoja alimleta mtoto aliyekuwa hajatoka nje ya ua wao tangu azaliwe, na mtoto alipoona uwanja ulivyo mpana akajifunika uso kwa mikono yake. Mashindano yao ya kwanza yalikuwa na watoto wa Sikonge, walioletwa kwenye keria za baiskeli, wamefungwa kwa khanga kwenye viuno vya baba zao. Walipangwa wote mstari mmoja, wepesi na wazito, wakubwa na wadogo. Mtoto wa mwisho alifika wakati wenzake wameshaanza kula.

"Nikaona aibu," alisema Mwalimu. "Niliwatoa kwenye masweta nikawapeleka kule kule. Nimewapanga ili wengine waonekane hawawezi."

Miaka ilipita ndipo akaitwa kwenye semina Dar es Salaam, na huko akafundishwa utaratibu uliokuwa ukitumika kwenye michezo ya watu wenye ulemavu wa akili mahali pengine duniani. Siku ya kwanza kila mtu anakimbia, anapimwa muda. Kisha wenye muda unaokaribiana wanawekwa kundi moja, na siku ya pili ndiyo fainali, kila kundi peke yake, kila kundi na medali zake. Aliporudi alitupa orodha yake ya zamani akanunua kaunta buku. Alipokuwa akinieleza haya aliacha kumwaga majivu, akasimama wima. "Hapa kwetu mtu anakimbia na anaowaweza, na wanaomweza. Basi. Ukinivurugia hilo umenivurugia kila kitu."

Nilitikisa kichwa kwa heshima. Na palepale, kamba ikiwa mkononi, akili yangu ikaanza kuhesabu.

Lazima nieleze habari ya treni, la sivyo nitaonekana nilifanya kwa ajili ya medali tu. Dada anaipenda treni kuliko kitu chochote. Nyumba yetu haiko mbali na reli, na honi ikilia huacha alichoshika na kusema, "Imekuja," kama mtu aliyekuwa na miadi. Hajawahi kupanda. Mama aliogopa watu watakavyomtazama ndani ya behewa. Mwaka niliokwenda chuo alinisindikiza stesheni na begi langu kichwani. Mlangoni mwa behewa alishika chuma akaweka mguu mmoja juu. Nyuma yangu alikuwa msichana tuliyekuwa tukienda naye chuo kimoja, akaniuliza, "Huyo nani?" Nikasema, "Dada wa kazi." Kisha nikautoa mkono wa dada kwenye kile chuma, kidole kimoja kimoja, nikicheka kana kwamba ni mchezo.

Sijui kama alisikia. Nimelifikiria hilo kwa miaka, na kila nikilifikiria napata jibu tofauti kutegemea ninavyotaka kulala siku hiyo.

Sasa Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba mwaka huu mashindano ya mkoa yatafanyika hapa Tabora, na watakaochaguliwa watakwenda Dar es Salaam kwa treni kukutana na mikoa mingine. Dada alisikia neno treni tu. Wiki zile aliniuliza maswali mfululizo.

"Treni ina choo?"

"Kipo."

"Kinamwaga wapi?"

"Sijui, dada."

"Utauliza," alisema. "Umesoma."

Alikuwa akikimbia mita mia kwa sekunde kumi na tisa. Nilikuwa nimempima mara nyingi, na karibu kila mara ni kumi na tisa, utadhani ana saa kifuani. Lakini nilisikia kwamba Ziba wana msichana mwepesi, na kwamba Ulyankulu wanaleta wakimbiaji wengi. Nikaanza kuogopa kwa niaba yake. Mwalimu alikuwa ametugawia wazazi na walezi karatasi mbili za utaratibu zilizobanwa kwa pini. Ukurasa wa kwanza, wa jinsi makundi yanavyopangwa, niliusoma labda mara ishirini. Nilichora majedwali. Nilifikiria upepo, jua la saa nne, raba mpya kama zitambana vidole. Ukurasa wa pili sikuufungua. Nilikuwa nimeshapata nilichokuwa nakitafuta: ukipimwa mzito siku ya kwanza, siku ya pili utakimbia na wazito.

Asubuhi ya siku ya kwanza nilimfunga kamba za raba, nikamwambia, "Dada, leo usikimbie. Leo tembea. Kesho ndiyo utakimbia."

"Kwa nini?"

"Ili upande treni."

Akafikiri. "Leo natembea. Kesho nakimbia. Treni."

"Na iwe siri yetu."

"Siri," alisema, akanikonyeza kwa macho yote mawili, maana moja peke yake hawezi. Tulicheka sana. Nakumbuka kwamba nilikuwa na furaha.

Filimbi ilipolia wenzake walichomoka, na dada akatembea. Alitembea vizuri, mgongo umenyooka, mikono ikipepea, kama mtu anayekwenda kanisani mapema. Mama wa maandazi, aliyekuja na ndoo yake, akapiga kelele: "Jamani, huyo anakwenda Kwihara?" Watu wakacheka. Waamuzi wakaandika sekunde hamsini na nne.

Mwalimu alinifuata huku akipekua kaunta buku. "Huyu leo vipi? Ana kumi na tisa humu, kurasa tatu nzima."

"Tumbo linamsumbua kidogo, Mwalimu."

"Pole yake. Basi twende kwa waamuzi tuseme, wampime tena jioni. Inaruhusiwa."

Alikuwa ameshageuka kwenda. Nikasema, "Aa, Mwalimu, tumwache tu apumzike. Nisingependa tumsumbue." Alinitazama, kisha akafunga buku. Nilipewa mlango ukiwa wazi kabisa, na nikaufunga kwa adabu.

Siku ya pili aliwekwa kundi la mwisho, na wanawake watatu. Mmoja alikuwa wa kutoka Ulyankulu, mtu mzima kuliko dada, mfupi, anayeburuta mguu kidogo. Mama yake alisimama karibu nami pembeni ya mstari, rozari imezungushwa kwenye kiganja. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba binti yake amefanya mazoezi kwenye shamba la mahindi tangu walipovuna. "Jana wamesema humu ndimo atakamowaweza," alisema. "Namshukuru Mungu."

Filimbi ikalia na dada akakimbia. Sijawahi kumwona akikimbia vile. Alikuwa amezuiwa siku nzima, na sasa ameachiwa, na alikimbia huku anacheka, mdomo wazi, na alipofika mwisho wenzake walikuwa hawajafika nusu. Hakusimama. Akaendelea mpaka kwenye ukuta wa madarasa, akaugusa, akageuka kunitafuta. Waamuzi walitazamana. Sekunde kumi na nane.

Nilikuwa wa kwanza kushangilia na wa kwanza kunyamaza, kwa sababu hakuna aliyenifuata.

Ukurasa wa pili wa zile karatasi unasema kwamba mkimbiaji akipunguza muda wake katika fainali kupita kiasi kilichowekwa, anaondolewa, kwa kuwa ni dalili kwamba hakujitahidi siku ya kupimwa. Niliusoma siku hiyo, mezani kwa waamuzi, kidole cha mwamuzi mkuu kikiwa juu ya mstari wenyewe. Alikuwa mwanamume mpole, mwalimu wa Sikonge. Hakutaka kumwondoa mtu bila kumsikiliza. Alimwita dada, akamvutia kiti.

"Jana ulikimbia?"

"Nilitembea," dada alisema.

"Ulikuwa unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa kwa nini ulitembea?"

Dada akanitazama, akafurahi, akaweka kidole mdomoni. "Siri."

Waliokuwa karibu wakacheka, hata mwamuzi. "Siri yako na nani, dada?"

"Mimi na mdogo wangu."

Wote wakanigeukia. Mwalimu na kaunta buku lake. Mama wa Ulyankulu na rozari yake. Mimi ambaye kwa kawaida hufikiri mara kumi kabla ya kuomba chumvi, safari hii sikufikiri hata mara moja.

"Sijui anachosema," nikajibu. "Si mnajua hali yake."

Mwamuzi akatikisa kichwa kwa huruma. Aliandika kitu. Baada ya hapo hakumuuliza dada swali lingine. Akamwinua taratibu kwa mkono, kama mtu anayemwinua mtoto. Dada aliendelea kunitazama akiwa na kidole bado mdomoni, anasubiri nimwambie siri imekwisha.

Jina lake likafutwa. Dhahabu ya kundi lile akapewa mwanamke wa Ulyankulu, na mama yake akapiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Naona aibu kuandika kwamba katika dakika ile nilimchukia.

Halafu likaja kapu. Majina ya washindi wa kwanza wa makundi yote yaliandikwa kwenye vikaratasi vinavyolingana, vikakunjwa, vikatiwa ndani ya kapu moja la ukili. Mtoto mmoja akaitwa kuchota majina ya watakaokwenda Dar es Salaam. Wa kundi la kwanza na wa kundi la mwisho, karatasi zao hazikuwa na tofauti. Hilo nalo lilikuwa ukurasa wa pili. Jina la mwanamke wa Ulyankulu lilitoka mapema.

Watu walipokuwa wakikusanya viti nilichukua matokeo ya kundi ambalo dada angekuwemo kama angekimbia siku ya kwanza. Nilijiambia nataka tu kujua. Mshindi wa kundi lile alitumia sekunde kumi na tisa na nusu.

Nilimwambia mama jioni ile, kipande kipande, nikijitetea katika kila kipande. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso mpaka nilipofika kwenye yale maneno, si mnajua hali yake. Hapo akaweka ungo chini.

"Mimi niliogopa watakayosema watu wa nje," alisema. "Sikujua naishi nao."

Kwa Mwalimu nilikwenda Jumatatu. Nilikuwa nimeandika nitakayosema, nikayasahau yote, nikasema kwa sentensi fupi kama za dada. Nilimwambia atembee. Tumbo halikumuuma. Alisema kweli, mimi nikasema uongo. Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama mlangoni pake, hakunikaribisha ndani.

"Kutembea nilijua," alisema. "Nina kaunta buku, mwanangu. Nilidhani utasema pale. Nilinyamaza nikupe nafasi, na hilo ni kosa langu, nalibeba. Lakini mimi unaniambia nini? Si mimi peke yangu uliyemwambia hajui anachosema. Waambie uliowaambia."

Jumamosi iliyofuata niliwaambia wazazi wa hapa Tabora, mbele ya watoto wao. Baba mmoja alicheka akasema ndiyo maana wasomi hawapati kazi. Mwingine alichukua mkono wa mwanawe akasogea naye mbali kidogo, hatua mbili tatu tu, nikaziona zote. Yule mwamuzi wa Sikonge na yule mama wa Ulyankulu na watu wa Ziba walikuwa wameshaondoka kwenda makwao na maneno yangu ya kwanza. Hawa ndio ninaowaandikia. Dada yangu alijua alichokuwa anasema.

Siku timu ilipoondoka, dada alitaka kwenda stesheni. Mama alisema nimpeleke mimi. Alibeba begi la mwanamke wa Ulyankulu kichwani, wakitembea wanaongea mambo ambayo sikuyasikia, na mlangoni mwa behewa alilitua, akalipandisha. Nilikuwa nimejiandaa kwamba akishika kile chuma sitamgusa, hata treni ichelewe. Hakukishika. Alirudi nyuma mwenyewe, mikono nyuma ya mgongo, kabla mtu yeyote hajamwambia.

"Ina choo," aliniambia treni ilipoondoka. "Nimemuuliza."

Bado tunakwenda mazoezini. Saa ya kupimia nilimrudishia Mwalimu. Sasa anaishika mzazi mmoja. Lakini kila Jumamosi dada akishafika kwenye mstari wa majivu ananitafuta kwa macho, na mbele ya watu wote ananiuliza, "Leo natembea au nakimbia?"

Nimejaribu majibu yote. Nikisema kimbia, anakimbia, lakini kucheka kule kumekwisha, anakimbia kama mtu aliyetumwa dukani. Nikisema fanya unavyotaka, anabaki amesimama, anangoja nimalize kusema. Nikinyamaza, filimbi inalia, wenzake wanaondoka, na yeye bado ananitazama mimi.

Jumamosi iliyopita Mwalimu aliniambia nitoke uwanjani, nikae nyuma ya madarasa nisionekane. Nikaenda. Nikaegemea ukuta wa nyuma wa jengo lile lile ambalo dada aliligusa siku ya fainali. Nilisikia Mwalimu akiwapanga, nikasikia dada akiuliza niko wapi, na mama wa maandazi akimjibu, "Kaenda kunawa mikono." Kisha filimbi. Vishindo vikaanza kuja upande wangu, vya miguu mingi kwa pamoja. Niliinamisha kichwa nikasikiliza kwa makini nilivyoweza, mimi niliyembebesha uzito wangu mgongoni miaka yote ile, na sikuweza kutambua kama vya kwake vilikuwemo.